Mtu Ambaye Hakuitikia Mwano

S.L.P. 61,
Bariadi,
Simiyu.
9 Juni 2024.

Mpendwa mwanangu Mayige,

Mwadila, ng'wanawane. Natumaini barua hii inakukuta mzima, miguu yote miwili na macho yote mawili, na lile goti ulilokuwa ukililalamikia limepona. Sisi huku hatujambo. Presha ya mama yako hupanda redio ikitaja Msumbiji na kushuka wakifika kwenye habari za mpira, kwa hiyo siku hizi redio naishika mimi. Mimi ni mzima wa mwili. Ila usingizi umenikimbia tangu Jumapili iliyopita, na sababu ni wewe.

Pamba tumeanza kuvuna. Mvua za mwaka huu zilizidi, ya bondeni imeozea kwenye vitumba, ya kule juu inaridhisha. Mwanao ameota meno mawili na anang'ata watu bila kujali umri wala cheo. Mkeo Kabula anasema ni wa kwenu, mimi nasema ni wa kwao.

Barua hii anakuletea mwenzako Khatibu, yule wa duka la vitambaa karibu na stendi, anayerudi kikosini baada ya likizo. Nimemwambia aiweke ndani ya shati. Wakubwa zako wakiifungua wasome tu, siri za jeshi hazimo, zilizomo ni zangu mwenyewe. Ningeweza kukujibu kwa simu ya Kabula, lakini simu ile mtu akizungumza nyumba nzima inasikia, mpaka kuku.

Mwanangu, ule ujumbe wa sauti uliotuma nimeusikiliza mara nne. Ulieleza vizuri. Kwamba ninyi mliokwenda kuwasaidia wenzetu, pamoja na askari wao, hamtoshi kulinda kila kijiji. Kwamba wale watu wa porini hawaji kwa mamia kama vita vya zamani, wanakuja wawili watatu, wanachukua chakula, wanachoma nyumba na kupotea. Kwa hiyo imeamuliwa wanakijiji wajilinde, filimbi ikipulizwa kila mwanamume atoke. Ukamwambia kamanda wako kwamba kwetu hayo ni mambo ya kawaida, baba yako alikuwa mtemi wa sungusungu, naye akakupa kazi ya kuwafundisha. Ukaniomba nikuandikie taratibu zetu.

Nilijivuna, sitakuficha. Nilitafuta hata miwani. Halafu nikasikiliza mpaka mwisho, pale uliposema kuna mkulima mmoja wa mihogo ambaye filimbi imepulizwa mara mbili na hakutokea, na jina lake limeshaandikwa, litapelekwa juu Jumatatu ya tarehe 24. Ulilisema jambo hilo harakaharaka kama mtu anayetaja bei ya sukari. Tangu hapo sijalala vizuri.

Taratibu zetu unazijua, ni fupi. Ng'ombe wakiibwa, mwenye kuona anapiga mwano, ule ukelele wetu wa kuitana. Anayeusikia anaupokea, na kila mwanamume anatoka na upinde. Asiyetoka anaulizwa kwenye mkutano. Asipokuwa na maelezo, yuko pamoja na wezi. Hii ya mwisho ndiyo nataka uisikilize, maana ndiyo uliyokwenda nayo huko, na niliyekupa ni mimi.

Unamkumbuka Mahona, jirani yetu wa upande wa kisima? Tuliwaambia ninyi watoto kwamba alihamia Nassa kufuata samaki. Nassa alihamia kweli, ila si kwa ajili ya samaki.

Mwaka 1996, saa tisa alasiri, ng'ombe kumi na mmoja walichukuliwa malishoni. Mwano ulipigwa, tukatoka wote, ila Mahona hakutoka. Kesho yake nikamsimamisha mbele ya mkutano. Akasema alikuwa na shida nyumbani. Nikamuuliza shida gani. Akatazama chini, hakusema neno lingine. Nami nilikuwa mtemi mpya, nina miaka thelathini na tisa na kofia ya manyoya, wanaume mia mbili wananitazama. Nikatamka kwamba ametengwa. Asisalimiwe, asipewe moto, asichote maji kisimani wengine wakiwapo, ng'ombe wake wasichunge na wa mtu. Na hivyo hivyo kwa mke wake na kila aliye nyumbani mwake.

Siku ya tatu mama yako aliniambia. Siku ile ya mwano yeye alikuwa kwa Mahona tangu asubuhi, maana Felisita, mke wa Mahona, alikuwa amejifungua, na mtoto alitoka akiwa hana uhai. Wanawake walikuwa wakimzika mtoto nyuma ya nyumba na Mahona amekaa mlangoni kumshika mkewe asianguke. Kwetu mwanamume hasimami kwenye mkutano akaeleza jambo kama hilo. Na wanawake hatukuwaita, kwa hiyo mama yako hakuwa na mahali pa kusemea isipokuwa kwangu.

Nilimjibu kwamba uamuzi wa watemi haurudi nyuma. Maneno makubwa hayo. Ukweli ni kwamba niliogopa kuchekwa. Felisita alikuwa bado mgonjwa, na hakuna mwanamke aliyeruhusiwa kumchotea maji. Baada ya miezi miwili walifunga mizigo wakaondoka. Wale ng'ombe tuliwakuta baadaye mnadani Lalago, na aliyekuwa akiwauza ni jirani yetu ambaye siku ya mwano alifika wa kwanza, na ndiye wa kwanza kulitaja jina la Mahona. Hata hapo sikumfuata Mahona. Nilirudisha kofia, nikasema nimechoka.

Sasa wewe uko huko na taratibu hizo mkononi. Sisi angalau tulimtenga mtu, akabaki hai, akahama. Huko kwenu jina likipelekwa juu linafuatwa na watu wenye bunduki, na wengine si wa kijiji kile, hawajui lugha yake wala shida zake. Nyinyi ni wageni, mwanangu, hata kama mmeitwa na mmepokewa kwa ngoma. Atakayetaka kumaliza ugomvi wa shamba na jirani yake atawatumia ninyi, na mtamshukuru kwa ushirikiano.

Sikuambii kwamba huyo wa mihogo hana hatia. Nitajuaje, niko Bariadi. Huenda kweli anawapelekea chakula watu wa porini, na huenda wamemtishia wanawe. Hilo ndilo linaloninyima usingizi: nikikuambia nenda kamsikilize, nakupeleka mlangoni kwa mtu ambaye pengine anakungoja kwa ubaya. Nikinyamaza, nafanya tena kile nilichofanya kwa Mahona, safari hii kwa mkono wako. Nimegeuka huku na huku kitandani mpaka mama yako amenihamishia kitanda cha sebuleni.

Jumanne nilipanda basi mpaka Lamadi, kisha Nassa. Sikumwambia mtu zaidi ya mama yako. Mahona yupo, amezeeka kunizidi, ana mashamba ya mpunga na mitumbwi miwili iliyochakaa. Felisita alinipa kiti na maji bila kunitazama. Nilisema niliyoyaendea, yote, pamoja na habari yako na mkulima wako. Mahona alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema hivi:

“Uliniuliza mbele ya wanaume mia mbili. Ungekuja nyumbani kwangu peke yako, ningekuambia.”

Basi, hilo ndilo somo la sungusungu ninalokutumia, mengine achana nayo. Kabla ya tarehe 24 nenda nyumbani kwa mtu yule. Nenda mchana, usiende bila Khatibu na wenzako wengine, nao wakae mbali kidogo pale wanapokuona. Umesema wengi huko wanajua Kiswahili, kwa hiyo usimchukue mkalimani kutoka kijiji kile kile, huwezi kujua ana nini na jirani yake. Kaa chini. Uliza habari za watoto, za mke, za shamba, kama mtu aliyelelewa. Halafu ndipo uulize habari ya filimbi. Mama yako ananigonga bega hapa, anasema niandike kwamba kabla ya yote wanawake wa jirani waulizwe, wao wanajua nani alikuwa wapi. Nimeandika. Angenigonga hivyo mwaka ule pengine ningesikia, ingawa yeye anasema alinigonga sana.

Na kama ukishaenda bado moyo wako unakuambia mtu yule ni mbaya, fanya kazi yako, wewe ni askari. Ila uwe umekwenda. Na kamanda wako mweleze, usimfiche, mwambie baba yako mwenyewe aliikosea taratibu hii.

Mimi naogopa, Mayige. Naogopa usirudi, na naogopa urudi ukiwa na kitu cha kubeba kama nilichobeba mimi. Sijui kipi nakiogopa zaidi.

Mama yako anakusalimu sana na anasema uvae soksi kavu. Kabula anakusalimu, ya kwake atakuambia mwenyewe. Dada yako Jenifer anakusalimu kutoka Maswa, amehamishiwa shule nyingine. Mjomba wako Mwandu anakusalimu na anauliza kama huko kuna ng'ombe.

Na wa mwisho anayekusalimu ni Mahona. Nilipoaga aliniuliza yule mwanao mdogo yuko wapi, aliyekuwa akipita kisimani na ndama. Nikamwambia ndiye huyo askari. Akasema katika ile miezi miwili kijiji kizima kilimpita kama jiwe, isipokuwa mtoto wa miaka sita aliyesimama akamwambia mwadila, baba. Alisema salamu ile alikwenda nayo mpaka Nassa. Hajui kwamba siku hiyo nilikuchapa kwa ajili yake, na sikuwa na uso wa kumwambia. Pengine umesahau fimbo ile. Mimi nimeikumbuka njia nzima ya kurudi. Nisamehe, mwanangu. Nenda kwa mtu wa mihogo ukamsalimie vilevile.

Mungu akutangulie katika kila njia utakayoikanyaga, na akurudishe kwetu.

Ni mimi baba yako, anayekupenda na kukuhofia,

Ngeleja