Kuku Wako Alikwama na Yai, Mama

Mpendwa mama mkwe,

Wafula hajui kama nakuandikia. Angeniuliza barua ya mtu aliyezikwa Bungoma itapelekwa na nani. Lakini nina habari za kuku wako, na Kawangware hii yote hakuna mtu mwingine anayeweza kunisikiliza mpaka mwisho nikianza kueleza mambo ya kuku.

Ni yule wa madoadoa. Nyanya yake ndiye uliyenipa ndani ya kikapu siku tuliyohama Kibera, miguu imefungwa kwa kitambaa. Hukuniaga. Ulinishikisha kikapu ukasema, "Huyu si wa kuchinjwa ovyo. Ni wa kuanzia nyumba." Halafu ukarudi ndani kuangalia sufuria yako. Mimi ni Mkamba, mila zenu sikuzijua, nikadhani umetupatia kitoweo cha kuhamia. Maji yalikuwa tayari jikoni Wafula aliponieleza kwamba kwenu mke wa mtoto hupewa kuku na mama mkwe wake, na kwamba kuku huyo akiliwa kabla hajaacha vifaranga, nyumba haijaanza. Nikayatumia yale maji kupika chai.

Tangu hapo kuku ndio waliotupa mazungumzo. Ukinipigia simu jioni hukuuliza hali yangu wala ya mjukuu wako Neema. Uliuliza, "Umefunga banda?" Nikisema ndiyo, ulikata. Nilikasirika miaka mingi kwa sababu ya swali hilo, na sasa ikifika saa ile naitazama simu.

Wengine wote walikwisha, mama. Ule ugonjwa wa kideri ulipita plot nzima muda mfupi baada ya mazishi yako, kwangu akabaki huyu mmoja. Sasa Jumamosi nikamkuta amesimama nyuma ya tangi la maji, mkia chini, manyoya yamemtutumka, anajikaza kama mtu aliyefunga choo. Aliingia kwenye boksi la kutagia akatoka bila kitu, akaingia tena, akatoka. Ugali alikataa. Nilipompapasa chini ya tumbo nikaligusa yai, gumu, limekaa pale pale.

Jirani yangu Mama Brayo alichungulia juu ya kamba ya nguo akasema hiyo kuku imeenda, si tuichinje tu tukule. Wafula alirudi kutoka kazini saa ya chakula cha mchana, akamtazama, akaenda kuchukua kisu. Simlaumu. Kuku akijifia ni wa kutupwa, na huyu alikuwa njiani.

"Tumchinje akiwa bado na uhai," alisema.

Nikamwambia, "Huyu ni wa mama. Ndiye wa mwisho."

Tangu tukuzike, Wafula akisikia mtu anakutaja hukumbuka kazi nje. Safari hii alisimama na kisu chake, kisha akakiweka dirishani akauliza tufanye nini.

Nilikwenda duka la dawa za mifugo, ile agrovet iliyo upande wa Riruta. Kijana wa pale alinisikiliza huku akipima dawa ya mtu mwingine. "Imekwama na yai, mathe," akasema. "Usiibonyeze. Yai ikipasukia ndani, hiyo kuku umepoteza." Aliniambia nimkalishe kwenye maji ya vuguvugu, nimpake mafuta kidogo pale pa kutokea yai, kisha nimweke mahali penye giza na joto bila makelele. Akauliza namlisha nini. Nikasema mabaki ya ugali na pumba. Akauliza kuhusu maganda ya mayai. Nikasema hayo natupa. Akatikisa kichwa, akaeleza kwamba kuku akikosa kalsiamu ganda linakuwa bovu, na hata nguvu za kusukuma yai hana.

Nilirudi njia nzima nikiwaza maganda yako.

Unakumbuka nilipoolewa, nikatupa maganda kwenye lile jalala la plot kule Kibera, pale langoni ambapo kila mtu anaona taka za mwenzake? Uliyafuata mwenyewe ukayaokota moja moja. "Maganda hayatupwi kwa taka," ulinifokea. "Watu watajua tunakula nini." Ukayaanika juu ya mabati, ukayachoma kwenye jiko, ukayasaga kwa chupa ya soda mpaka unga, ukauchanganya na chakula cha kuku. Niliona ni majivuno ya bure. Siku nilipopata jiko langu mwenyewe hapa Kawangware, nilitupa maganda hadharani, na nilifurahi watu wajue tunakula mayai.

Sasa sijui, mama. Sijui kama ulijua ni chakula cha kuku, au uliyaficha tumboni mwao kwa kuwa ndio pekee katika plot ile wasiopeleka maneno. Nilipaswa kukuuliza. Wewe nawe hukuwa mtu wa kuulizwa.

Wafula alipasha maji nami nikatoa karai la bluu. Unalijua. Ulilibeba kutoka Kibera nilipomzaa Neema, na taulo yako mwenyewe juu, ukanikanda kila asubuhi. Nililia kwamba maji ni ya moto. "Tulia. Maji hayajaua mtu. Mimi niko hapa." Ulisema hivyo bila hata kunitazama, na mikono yako ilikuwa migumu kama mti, lakini nilitulia. Kabla ya hapo nilikuwa nakuogopa. Siku zile ndipo nilipoanza kukupenda, na sikukwambia.

Nikayapima maji kwa kiwiko kama ulivyokuwa ukipima. Wafula alishika mabawa, tukamkalisha kuku maji yakamfika tumboni. Alipiga teke moja, akatulia. "Maji hayajaua mtu," nilimwambia. Akafumba macho. Tulikaa naye hivyo hadi maji yakaanza kupoa, nikaongeza mengine, kisha nikamkausha, nikampaka mafuta ya kupikia, nikamweka kwenye katoni juu ya sweta kuukuu, leso juu, chini ya meza.

Kazi iliyobaki ilikuwa kungoja, na hapo Wafula akaanza kuongea. Alinieleza ulivyokuwa ukienda soko la Toi jioni wakifunga, ukaokota majani ya kabichi ya kuku zako. Yeye alikuwa anajificha nyuma ya nguo za mitumba, asionwe na wenzake wa shule waliokaa zile nyumba nzuri za Nyayo Highrise. Na wewe ulikuwa unamwona kabisa, unamwita kwa jina lote mbele ya soko zima aje abebe gunia. Alicheka, halafu akalia, kwa mara ya kwanza tangu Bungoma. Nilimwacha alie. Neema alimletea maji ya kunywa.

Nilikuwa nakata sukuma ya jioni tuliposikia kuku akikwaruza katoni. Nikainua leso. Yai lilikuwa pale, kubwa, na damu kidogo, ganda lake jembamba lenye mikunjo. Kuku akasimama, akajikung'uta, akaanza kudonoa sweta kutafuta chakula. Wafula alilishika lile yai kwa mikono miwili akakosa mahali pa kuliweka.

Nililikaanga asubuhi, wakala yeye na Neema. Ganda nililichoma jikoni, nikakaa mlangoni nalisaga kwa chupa. Mama Brayo akapita, akauliza nasaga nini asubuhi yote hiyo, si hayo ni maganda tu, ni ya kutupa.

Nikamjibu kabla sijafikiri. "Maganda hayatupwi kwa taka. Watu watajua tunakula nini."

Kutoka ndani, ambako alikuwa anafunga viatu, Wafula akaitika: "Ndiyo, mama."

Alikuwa ameshakuitika wewe, si mimi. Tukatazamana. Wafula hakukumbuka kazi nje. Alikuja akakaa karibu yangu, akachukua chupa, akaendelea kusaga.

Kuku anakula vizuri sasa. Akiatamia, nitamwachia mayai yote.

Banda nimelifunga, mama. Lala.

Mkaza mwana wako,
Mama Neema