Breki ya Kulia

Mume wangu Baba Zuhura,

Ungekuwa hapa ningekugombeza kwanza, salamu baadaye. Mtu unasafiri kwenda Tanga kumuuguza mama yako, unaugua wewe, unazikwa kulekule, na huku ugenini Rosettenville umeniachia gari la silinda nane lisilo na breki! Mimi muuza vitumbua nitajuaje mambo ya breki? Haya, sasa nayajua. Nimeyajua mpaka nimechoka.

Wallahi nimehangaika. Nyumba imepata mwenyewe mpya, na neno lake la kwanza lilikuwa kwamba gari hilo lisipotoka uani kufikia Ijumaa, watu wa skrepa watalibeba. Nikamwendea rafiki yako wa Troyeville, yule mwenye gereji, nikamwomba anihifadhie. Akasema, "Shemeji, mimi napokea gari, sipokei mzoga. Lije lenyewe." Na ule mteremko wa kutokea kwetu unaujua. Kuushuka bila breki ni kujiua.

Najua watu wanasema niliache liende, si chuma tu? Siwezi. Siku uliyozikwa karatasi zangu za kusafiria zilikuwa zimekwama ofisini, nikayasikiliza mazishi yako kwa simu, nikakaa eda humuhumu chumbani kwetu. Sikulia. Wanawake waliokuja kunipa pole walinong'ona kwamba nina moyo wa jiwe. Kaburi lako sijaliona, Baba Zuhura. Wenzangu wana pa kwenda kusimama, mimi nina gari hili. Jumapili naingia humo, nafunga mlango, nakaa kwenye kiti cha abiria, maana chako sijathubutu.

Unakumbuka siku ulipolileta, limevutwa kwa kamba, nikakuuliza kama umeniolea mke mwenzangu? Ukacheka, ukaniambia, "Huyu ni mkubwa kwako, muamkie." Nikaliamkia kweli, shikamoo, mbele ya majirani! Na ubishi wako juu ya spea, jamani. Mtu akikuletea breki mpya za gari jingine, zinang'aa, unamrudishia. "Nataka alizozaliwa nazo," unasema, kama vile unamsemea mtoto. Ukalifufua, ukawa unampeleka nalo Zuhura shule kila asubuhi, mimi nimebaki na karai langu la mafuta.

Kisha ule ujumbe wa sauti ulionitumia kutoka Tanga, wa mwisho. Pumzi zinakukatika. "Mama Zuhura, usimuuzie mtu ile gari. Shida yake ni breki ya kulia tu, ya mbele. Mwambie fundi, breki ya kulia." Nimeukariri pamoja na kikohozi chako.

Basi nikamshika Papa Ilunga, yule fundi wa Lubumbashi anayekunywa chai kwangu. Yeye hasemi kulia, kwao ni kuume, nami kwa kiherehere changu nikamtafsiria: "Ni ya mbele, mkono wa kuume." Tukaanza kuisaka kalipa, lile dude la chuma linalobana diski. Kwenye maduka ya spea walinicheka wazi. "Eish, mama, gari hilo si lilishakufa?" Nilitembea na picha yake kwenye simu kama mtu aliyepotelewa na mtoto. Mwisho tukaipata Soweto, kwa mzee mmoja mwenye gari kama lako, limeota nyasi nyuma ya spaza yake, kiduka chake cha mtaani. Ya kushoto ilishang'olewa zamani, imebaki ya kulia. Nikamshukuru Mungu kwamba iliyobaki ndiyo tunayoitaka. Nilifurahi, mjinga mimi!

Papa Ilunga akaisugua kutu, akaitia raba mpya, akaifunga. Kazi ya kukanyaga pedali wakati anatoa upepo kwenye mipira ya breki ilikuwa yangu. Alhamisi asubuhi akalijaribu uani. Alipokanyaga breki, gari likavuta upande mmoja nusura liparamie ukuta, na gurudumu la kushoto likapiga ukelele wa kutia ganzi meno.

Akashuka, akaiokota kalipa tuliyoing'oa, akaigeuzageuza. "Mama, hii tulitosha iko muzima kabisa. Baba alisema nini, kweli?"

Nikamchezea ujumbe wako. Zuhura alikuwa anatoka kwenda kazini saluni, akasimama. Unakijua Kiswahili cha mwanao, cha kuokotaokota, yeye ni Kizulu tu.

"Mama, iyakhala," akasema. "Ile inalia. Ya kulia ni hii." Akaigusa ya kushoto.

Kumbe! Zuhura akanisimulia: kila asubuhi mkisimama kwenye roboti, zile taa za barabarani, breki hiyo ilikuwa inalia, naye anaiiga, mnacheka, mkaipa jina. Mtoto hakujua kwamba kulia ni mkono pia, nawe hukumrekebisha. Mlikuwa na neno lenu wawili, ukaja kunitumia neno hilo mimi niliye kwenye karai.

Nilikaa chini kwenye saruji. Kalipa ya kushoto Soweto haipo, ya kulia haifungiki kushoto, na kesho Ijumaa. Nikakuita kwa jina lako kwa sauti, majirani wakachungulia. Nilikwambia maneno ambayo hapa sitayaandika. Nilikuona umeniacha mara ya pili.

Papa Ilunga hakunibembeleza, alikuwa ameshaifungua ile ya kushoto. "Mwili yake iko muzuri," akasema, "pistoni njo imekufa. Lakini pistoni haina kuume, haina kushoto." Akaichomoa pistoni ya ile kalipa yako ya zamani, ile tuliyoing'oa bure, akaisafisha, akaitia humo na raba zilizosalia. Basi breki ya kulia ikaiponya breki ya kulia. Ungekuwepo ungecheka mpaka ukae chini.

Ijumaa tukatoka mapema, watu wa skrepa hawajafika. Papa Ilunga kwenye usukani, Zuhura pembeni yake, mimi nyuma nimeshikilia kiti, nasoma kila sura ninayoijua. Tukaushuka mteremko. Chini, roboti ikawa nyekundu. Akakanyaga. Gari likasimama sawasawa, taratibu, halikuvuta popote. Kimya.

Zuhura alikuwa ameinamia dirisha, mdomo ameuweka tayari. Akangoja. Halafu akanigeukia.

"Mama, hailii tena."

Ya Rabi, Baba Zuhura! Sauti ile ndiyo iliyokuwa imebaki kati yako na yeye, na mimi nimezunguka mji mzima kutafuta cha kuinyamazishia. Nikalia. Yale yote ambayo sikuyalia kwenye eda yalitoka palepale, kwa sauti, roboti ikaenda kijani ikarudi nyekundu, nyuma wanapiga honi, na Papa Ilunga hakuliondoa gari.

Gari lako liko Troyeville, salama, na breki zake ni zile alizozaliwa nazo. Pumzika, mume wangu, Mungu akupe nafasi huko uliko. Mimi sijanyamaza bado.

Mkeo,
Mama Zuhura