Wiki Nne za "Katikati"

Jumapili, mwezi wa saba. Baridi ya kuuma masikio. Manyunyu tangu alfajiri, na moshi wa viwandani umelala juu ya mapaa kama blanketi chafu. Kanisani leo sikuimba.

Shuleni tunaandika insha kwa Kiingereza, na yangu husomwa mbele ya darasa. Lakini nikianza jambo hili kwa Kiingereza nitapata maneno mazuri ya kujificha nyuma yake. Kiswahili cha nyumbani hakinifichi.

Mimi ndiye niliyeua injini ya gari la baba.

Si gari kubwa. Injini ya cc elfu moja mia mbili, silinda nne, kabureta moja. Mwezi wa tano lilikuwa likitoa moshi wa buluu, ndipo Baba Otieno akaifungua injini yote. Baba Otieno ni fundi anayefanyia kazi kwenye kiwanja nyuma ya nyumba zetu, chini ya turubai. Silinda zikachongwa upya, akaweka pistoni na ringi mpya. Siku aliyoiwasha aliniita nisikilize inavyonguruma.

"Hii haina makuu," akasema. "Hakuna mashine ya kuisukumia hewa. Inajivutia pumzi yenyewe, kama wewe na mimi. Ipe hewa safi, maji na oili, itawazika nyote."

Akacheka. Halafu akaacha kucheka, akaeleza kwamba ringi mpya hunywa oili mpaka zizoeane na silinda. Kwa hivyo kila asubuhi, kabla gari halijawashwa: chomoa kijiti cha oili, kifute, kirudishe, kichomoe tena, usome alama. Ikishuka chini, ongeza. Tena ile taa nyekundu ya kuonya oili ikiisha imekufa, inunuliwe nyingine.

"Taa ya nini?" baba akasema. "Nina mtoto mwenye macho."

Yeye macho yake ya karibu yameisha. Gazeti hulishika mbali kama kitu kinachonuka, na husema siku hizi wanachapisha herufi ndogo. Alama ya kijiti hawezi kuiona, na kukiri kwamba hawezi, pia hawezi. Kaka yangu ndiye aliyekuwa akimsomea, lakini yuko bweni sasa. Nikapewa kazi mimi, pamoja na daftari: kila siku niandike Juu, Katikati au Chini.

Wiki ya kwanza niliangalia kweli. Naapa.

Gari huegeshwa karibu na bomba la maji. Alfajiri vijana wanaotafuta kibarua viwandani huwa wameshajipanga ukutani hapo, wakingojana waondoke pamoja.

"Niaje, daktari! Mgonjwa ana homa ngapi?"

"Mpige sindano, sista!"

"Huyu ataolewa na spana, mtaona."

Maneno madogo. Msichana mwingine angewajibu, wangenyamaza. Mimi masikio yanawaka, nakifuta kijiti harakaharaka. Siku moja oili ilinidondokea kwenye sketi ya shule, wakashangilia kama goli limeingia.

Kesho yake nilifika mlangoni tu. Nilirudi ndani, nikaandika: Katikati.

Hakuna kilichotokea. Baba alikwenda Athi River kazini, akarudi. Nikaandika tena. Kufikia wiki ya pili nilikuwa naandika hata kabla ya kunawa uso. Baba alifurahi. Alimwambia mama injini imetulia, fundi amefanya kazi.

Jana alitoka Soko la Burma na nyama. Karibu na kona ya mtaa wetu injini ikaanza kugonga, kama mtu aliyefungiwa ndani ya sanduku, kisha ikashikana, ikasimama. Wale wale vijana wa ukutani ndio waliolisukuma gari mpaka nyumbani. Hakuna aliyecheka.

Baba Otieno aliingia chini ya gari, akafungua nati, oili ikatoka. Haikujaza chupa ya soda. Injini hii inachukua lita tatu na zaidi. Nimesoma mwenyewe kwenye kitabu cha gari.

"Mwenzangu, hii ilikuwa kavu," akasema.

Baba akaleta daftari, akalifungua mbele ya majirani, amelishika mbali. "Soma! Katikati. Katikati. Hata leo asubuhi, Katikati. Umefunga vibaya, imemwagika yote njiani!"

Baba Otieno hakulitazama daftari. Alinitazama mimi. "Nyathina, uliiona kwa macho yako?"

Alikuwa akiniita hivyo tangu nikiwa mdogo, mwanangu, kwa lugha yao.

Nikasema ndiyo.

Hapo baba akayasema mengine, ya watu wa kwao na watu wa kwetu, ambayo siyaandiki hapa. Akamaliza kwa kusema kamati ya mtaa inakutana Jumapili saa kumi, na atawaomba wamfukuze fundi kwenye kiwanja kabla hajaua magari ya wengine. Baba ni mmoja wa kamati. Wakimwondoa Baba Otieno, hana pengine pa kufanyia kazi. Ana watoto watano.

Nilimwambia mama ukweli tulipokuwa tukimenya viazi. Hakuacha kumenya.

"Baba yako ameshasema mbele ya watu," akasema. "Sasa unataka aonekane mjinga? Nyamaza. Mambo hupoa."

Leo tulipotoka kanisani nilipitia kiwanjani. Mteja mmoja alikuwa ameshakuja kuondoa gari lake, likivutwa kwa kamba. Baba Otieno alikuwa akitia spana kwenye gunia, moja moja, akizipangusa kwanza. Nilisema nikitazama chini. Nilisema yote.

"Nilijua jana," akasema. "Oili ikivuja huchafua chini ya gari. Chini ya gari lenu ni pakavu, vumbi tupu."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie mwanamume binti yake ni mwongo, mlangoni pake, majirani wote wakisikia? Ungekuwa wewe ungesema?"

Yeye hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Nikamwambia nitakwenda kumweleza baba, faraghani, sasa hivi.

Akafunga gunia kwa kamba. "Ukimwambia chumbani, itabaki chumbani. Mimi sikushtakiwa chumbani."

Nimekaa na neno hilo tangu saa saba.

Najua litakaloniuma. Kipigo hakinitishi, baba hapigi. Atanyamaza. Atajua kwamba wiki nne alikuwa akiniamini kila asubuhi, akageuza ufunguo. Na watu watauliza kwa nini mtu mzima hakujiangalizia oili mwenyewe, na itajulikana kwamba haoni. Nitakuwa nimemvua nguo mbele ya wenzake. Mama hatanisamehe upesi. Na wale vijana wa ukutani husimama madirishani mwa ukumbi wa mtaa siku za mkutano, kwa sababu hawana pengine pa kwenda Jumapili.

Lakini nikibaki hapa, saa kumi na moja Baba Otieno atakuwa anasukuma mkokoteni kutafuta mtaa mwingine wa kuanzia, na jina lake limekwisha kumtangulia huko.

Saa kumi kasoro kumi. Baba ametoka, koti la kanisani bado mwilini. Mama yuko kwa jirani. Nimeshafunga viatu, naenda ukumbini.

Sauti yangu ni ndogo. Hata darasani mwalimu huniambia nirudie ili wa nyuma wasikie. Nitasimama karibu na mlango na kusema: Sikuangalia. Wasiposikia, nitarudia.