Gari la Dizeli Halisimami Samburu

Kaka Nyamawi,

Nimechoka, na safari hii si mgongo. Mgongo umepona tangu tulipopewa injini ya dizeli. Dereva anabonyeza kitufe, inanguruma, tunaondoka. Hakuna tena kuja alfajiri kuwasha moto na kungoja mvuke upande. Mimi msaidizi wake nakaa kitini, mikono mitupu. Siku ya kwanza nilipanda na debe langu la mchanga kwa mazoea, na mafundi wa karakana wakacheka mpaka wakashika mbavu. "Mchanga kidogo, Hamisi, injini ikohoe," ulikuwa ukiniambia, nami naurusha tanuruni ukwangue masizi mabombani, moshi ukitupaka weusi hata tukabaki meno tu. Ungekuwapo ungecheka kuwashinda.

Waosha boila wamerudishwa makwao. Wapiga pampu wa stesheni pia. Kazi iliyolisha koo nzima sasa inafanywa na watu wawili waliokaa.

Lakini kaka, linaloniuma ni shemeji Mbeyu, mkeo. Dizeli hainywi maji. Unakumbuka pale Samburu, injini ikijazwa maji tangini, sisi wa magari ya mizigo sote tulikula kwake sima na mboga ya mchunga. Kabla injini hazijabadilishwa aliniuliza, "Hamisi, hizo mpya nazo zitasimama?" Jibu nilikuwa nalo. Nikamwambia, "Zitasimama tu, shemeji." Sikuwa na ubavu wa kumwongezea msiba, nawe hata arubaini yako ilikuwa haijaisha.

Jumatatu tukapita bila kusimama. Alikuwa kando ya reli, sahani mkononi, imefunikwa kawa. Kwa aibu nikampungia mkono. Mlinzi wa stesheni ameniambia kuwa shemeji alidhani namwashiria angoje. Akangoja mpaka jua likatua na sima ikakauka. Jumanne akapika tena.

Kaka, nilimdanganya mkeo. Najionea haya.

Kesho nina mapumziko. Nitapanda gari la abiria la asubuhi, hilo bado linasimama, nikamwombe radhi. Dada yangu anapika sokoni Kombani, na amekubali washirikiane, shemeji akipenda. Akinifukuza, ni haki yake, na nitarudi siku nyingine.

Pumzika, kaka, Mungu akulaze pema. Nakuahidi kwamba kesho, kabla hajainjika chungu, atausikia ukweli kinywani mwangu.

Nduguyo,
Hamisi