Kuzima Injini Mteremkoni

Alhamisi, Mabawe

Nimefika kwa dada, lakini kwa bahati tu.

Asubuhi kabla ya kutoka Runazi nilikaza mnyororo wa pikipiki, nikapima upepo wa matairi, nikavaa kofia ngumu. Nikajiona mtu makini kweli! Halafu kwenye mteremko mrefu nikazima injini ili kuokoa mafuta, kama tunavyofanya wote huku.

Kwenye kona palikuwa na bibi mmoja amebeba kuni kichwani, kanipa mgongo. Hakunisikia. Nikakanyaga breki, ikashika kidogo tu, maana ilishapata moto. Nikamkwepa, nikaangukia kwenye maharage ya watu.

"Shikamoo bibi," nilisema nikiwa bado chini.

"Marahaba. Mjukuu wangu, mbona unakuja kimyakimya kama mwizi?"

Ningemuua mama wa mtu kwa ajili ya kikombe cha petroli.

Nilimwomba msamaha, nikawasha, nikaondoka polepole. Lakini kinachonitisha zaidi ni mteremko uliofuata. Nilishtuka nasikia upepo tu masikioni. Mkono wangu ulikuwa umeshazima injini tena, wala sikuutuma.