Dundu Mwenye Pembe na Mkewe

Nyumba ya Watunza Bustani,
Lango la Pili.
14 Aprili.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Goti lako limepoa, au bado linakusumbua kwenye ngazi? Sisi huku wazima, isipokuwa mama anakohoa na hataki kuambiwa.

Kile kioo cha kukuzia ulichoniletea bado nakitumia. Kila asubuhi kabla ya kufagia bustani huinamia kinyesi cha mbwa nyasini, nikaandika madundu niliowakuta. Wenzangu wananiita Mama Samadi, nami naitika.

Sasa nikupe jambo lililonikaa kooni. Mwaka jana mtaalamu wa wadudu wa manispaa aliazima daftari langu, akalirudisha na asante ya midomoni tu. Mwezi wa pili nikakuta bango jipya langoni: dundu mwenye pembe na dundu asiye na pembe, aina mbili tofauti, zimetambuliwa na yeye. Jina langu halipo hata pembeni. Nilipomuuliza akasema, "Wewe si mfagizi? Shika ufagio wako." Mjomba, nilichemka mpaka masikio yakauma.

Ila aliiba kosa langu. Mwanzoni hata mimi nilidhani ni aina mbili. Baadaye nikawafukua shimoni, mwenye pembe kampanda asiye na pembe: mume na mke. Hayo yamo kwenye daftari la pili, ambalo hakuliona. Nilinyamaza miezi miwili nikimvizia, na sioni haya kusema nilifurahia kila siku yake.

Jumamosi alileta wakubwa wa ofisi na walimu walitazame bango. Mvua ilikuwa imenyesha, na madundu wangu hawakuniangusha. Nikapenya na kopo la madundu, nikafunua mbele yao.

"Daktari," nikasema, "hebu tuambie, hizi aina zako mbili zinafanya nini humu?"

Mwalimu mmoja alicheka hadi akashika mti.

Jana alikuja kibandani kwangu, mpole kama mgonjwa, akiomba daftari la pili. Nilimpa ufagio.

Ofisi imeagiza bango ling'olewe, na kazi hiyo nimepewa mimi. Bado sijapata nafasi. Kila asubuhi nalifuta vumbi, hasa pale penye jina lake.

Nisalimie mkaza mjomba na wale mapacha. Mungu akutunzie goti na macho.

Mpwa wako akupendaye, asiyesahau,
Mama Samadi