Namba kwenye Aproni

Roret, Jumanne

Shangazi Phelis,

Natumaini mvua ya mawe haikuharibu chai yenu huko Kimulot. Hapa tuko salama, na ng'ombe wa mama amezaa. Nimeanza na habari za nyumbani kwa sababu kuna mtu ameketi hapa studio, anaangalia kalamu yangu. Simu yako imezimwa tangu asubuhi.

Unakumbuka picha niliyompiga Edinah, mchumaji wako? Niliiga jarida la mitindo: ukungu, ile aproni ya manjano ya kuchumia, na kitambaa cha lesi usoni, kwa kuwa aliomba asijulikane. Nikamwambia, "Simama kama mtu amesikia hatua nyuma yake." Akageuka, akainua mkono kukinga uso. Nilifurahi sana, Shangazi. Nikaiweka mtandaoni, watu wakasifu. Baadaye ndipo aliniambia alimtoroka bwanake kule Longisa.

Sikuona kwamba aproni ina namba yako ya mkulima, ile uliyoandika kwa wino mweusi ili karani wa kituo cha majani chai asikosee gunia lako. Mwenye namba hiyo akiuliza kituoni, ataonyeshwa shamba lako.

Huyu mtu anataka nimkuzie picha hiyo. Nikamuuliza, "Nikuze uso?"

"Hapana. Hapo penye namba."

Nimemwambia printa lazima ipate moto kwanza. Weldon wa bodaboda anangoja nje akuletee barua hii.

Usinijibu. Mpandishe Edinah kwenye pikipiki hiyo hiyo.

Moureen wako